Sifa za Grisi

Wengine na wasifu manahodha. Mimi naisifu grisi, ile nyeusi ya kopo, yenye kipaji cha kuharibu shati jipya kabla mwenye shati hajaigusa.

Kufunga vipuri vya boti ni kazi ya watu wenye mpangilio. Bamba hukaa na bamba, ribiti kwenye mfuko wake, na injini hukamuliwa petroli hadi tone la mwisho, maana ikibaki tumboni mzigo unahesabiwa wa hatari. Kila kipande kina namba yake. Grisi haitambui namba. Imepakwa shafti, lakini utaikuta kwenye risiti, kwenye kitasa cha ofisi, na hata kwenye sikio la karani. Ukitaka kujua mzigo umepita mikononi mwa nani, achana na hati, kagua vidole.

Na bado grisi ina makuu yake. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli Graf von Götzen huko Papenburg, wakaifungua kipande kwa kipande, wakaijaza kwenye masanduku yapatayo 5,000. Ikaja Dar es Salaam kwa meli, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya. Julai 1916, vita vilipowaelemea, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ila kwanza mafundi waliisiliba mitambo grisi tele. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa. Tangu 1927 tunaiita Liemba. Wanahistoria wanawataja maofisa. Kopo la grisi halina hata barabara iliyopewa jina lake.

Huku Mbulu bahari ni ya kusimuliwa tu, lakini Ziwa Basotu lipo jirani, na fundi wa mjini akimaliza kuichonga upya shafti, huivingirisha kwenye gunia lililolowa grisi, akaandika USILAZE, akaipandisha basi. Utingo huilaza, tena juu ya vitunguu saumu.

Siku moja nilikuwa ndani ya basi hilo. Tulipofika Dongobesh, mama mwenye vitunguu alikuwa ameshaliona doa.

“Baba, nani atanunua kitunguu chenye mafuta ya gari?”

“Si ya gari, mama. Ni ya boti.”

“Boti! Huku mlimani?” Akaligeuza gunia lake, doa likawa madoa mawili. “Haya basi, nilipe kwa samaki.”