Maji Mengi, Wapi?

Siku ya nne bila choo, mtu hubadilika tabia. Nilikuwa naketi upande upande, naitikia salamu kwa kuguna. Sababu naijua: wiki nzima tambi za baasto na nyama kavu ya nyirinyiri, jioni miraa, na boza la maji halijaonekana Takaba.

Hapa tumbo lako ni mali ya umma. Wazee wa kibarazani wakaniagiza maziwa ya ngamia, bakuli zima. Hayo humkimbiza mgeni wa Nairobi; mimi niliyekua nayo yananitia usingizi tu. Mama mkwe akaniletea sanamaki, kaichemsha mpaka imekuwa nyeusi kama lami. Nikauliza kipimo. "Kunywa," akasema.

Nikatorokea duka la dawa. Kijana wa pale hakucheka, Mungu ambariki.

"Adeer, hii ni bisakodili, miligramu 5. Meza kidonge kimoja ukienda kulala, visizidi viwili. Usitafune, usichanganye na maziwa, maana ganda lake linatakiwa lipite tumbo lifike utumboni ndipo liyeyuke. Ngoja saa 6 hadi 12. Si dawa ya kila siku. Ukiona damu, au tumbo likiuma sana na unatapika, usije kwangu, nenda hospitali." Nilikuwa nishafika mlangoni alipomalizia: "Na unywe maji mengi."

Maji mengi! Angeniambia nile theluji.

Nyumbani palikuwa na nusu birika, nayo ya udhu wa alfajiri. Basi nikameza viwili kwa chai. Chai gani? Ya maziwa ya ngamia, ndiyo. Saa tano usiku, kimya. Nikaongeza cha tatu, nikijiambia yule kijana hajui ukubwa wa tatizo langu.

Ganda likayeyukia palepale lilipokatazwa. Kufika saa saba tumbo linanisokota kama kamba ya kisima, nami natokwa jasho la baridi kwenye joto la Mandera. Choo cha ploti ni kimoja, nyumba sita. Kabla ya adhana nilikuwa nimekwenda mara tano, na nyayo zangu zinatambulika.

Asubuhi boza likafika. Nikanunua mitungi miwili ya lita 20, nikaapa mmoja ni wa kunywa peke yake. Kufika adhuhuri yote imeishia kwenye birika la chooni. Nilichokunywa ni vikombe viwili, na hivyo niliazima kwa mama mkwe, pamoja na sanamaki yake ambayo sasa anasema ndiyo iliyofanya kazi.