Shangazi, Ile Kanga Nimeikata

Lancaster, Pennsylvania
Mwezi Machi

Shangazi, shikamoo.

Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima, hofu ni kwenu tu. Watoto wanakuamkia. Mke wangu anakuamkia. Hata jua, ambalo kwa miezi minne lilinipita kama halinijui, juzi limeanza kuniitikia. Wewe ni mtu mzima, ukiona salamu zinarefuka hivi umeshajua kuna jambo. Lipo. Lakini niache kwanza nikupe habari za maua.

Huku baridi haiondoki kwa kufuata kalenda. Kila tarehe 2 Februari, maelfu ya watu hukusanyika alfajiri katika mji mmoja wa jimbo hili uitwao Punxsutawney, masikio yanataka kudondoka, kumsubiri mnyama. Ni jamii ya kuchakuro, ila ukimwona utasema ni pimbi aliyelishwa ubwabwa. Wazee wenye kofia ndefu nyeusi humtoa kwenye makao yake. Akiona kivuli chake, baridi ina wiki sita zaidi; asipokiona, joto linawahi. Hivyo ndivyo wafanyavyo tangu 1887, na majibu hutangazwa nchi nzima. Na mimi ndiye ninayeulizwa kazini kama ni kweli kwetu kuna waganga!

Mimi nasikiliza maua. Yanayotangulia ni meupe, madogo, yameinamisha vichwa kama mwari, na theluji bado haijaondoka. Kisha hutoka krokasi, zambarau na manjano, kimo cha kidole. Hizi ziliniaibisha. Mwaka wangu wa kwanza niliinama, nikaona katikati ya ua nyuzi za rangi ya chungwa. Zafarani! Zafarani, Shangazi, ile unayoichota kwa ncha ya kisu kisha ukaificha kabatini nyuma ya vikombe vya wageni, hapa inajiotea uani kama mchunga! Nilishachuma kiganja kizima, mchele uko majini, ndipo bibi jirani alipopiga kelele kutoka dirishani. Kumbe zafarani ya kula ni ndugu tu wa maua haya, nayo huchanua majira ya majani kupukutika. Na majira hayo hayo huchanua ua jingine linalofanana nayo, lenye sumu kali. Siku ile biriani tulilila jeupe. Bibi akanihurumia, akaniambia kwamba wakulima wa huku wenye asili ya Kijerumani wameilima zafarani ya kweli vizazi na vizazi, na huitia kwenye kuku wa tambi. Kwa hiyo sikuwa mjinga sana, nilikosea mwezi tu.

Bibi huyu ndiye chanzo cha yote. Ni mjane, amepita miaka 80, na aliposikia baba yangu ni fundi cherehani mtaani kwetu Ngamiani, alinivuta ndani kama aliyepata mrithi. Nikawa na kazi ya jioni: kushona kwilti.

Kwilti ni blanketi la viraka. Usinune, Shangazi. Najua kwetu kiraka ni siri ya mtu na suruali yake, na kiraka pekee tunachokisifia ni yule mchezaji anayepangwa namba yoyote. Huku kiraka kina heshima zake. Kuna akina mama weusi wa Gee's Bend, huko Alabama, walioshona nguo chakavu za shambani ili watoto wao wasife kwa baridi. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye makumbusho ya Whitney, New York, na 2006 zikatolewa stempu za posta. Sisi mabaki ya chini ya cherehani ya baba tuliyajazia mito, tukayalalia miaka yote bila kujua tumelalia makumbusho.

Kilichonishinda kumweleza baba ni hiki: wengine hununua kitambaa kizima dukani, wakakikata vipande, kisha wakaviunga vipande viwe kitambaa. Duka lina hata vipande vilivyokatwa tayari, vya inchi 18 kwa 22, navyo huitwa "robo nono". Baba alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza, "Na wanalipa?"

Hata cherehani huku ina maisha mawili. Wako Wakristo waitwao Waamish, wanaotembea kwa gari la farasi na wasiotaka nyaya za umeme nyumbani. Baadhi ya wanawake wao hushonea cherehani ya kukanyaga, kama ya baba. Kwa wengine, cherehani hiyo ni pambo. Mgahawani niliwekewa kahawa juu ya meza ambayo chini yake ni miguu ya Singer, kikanyagio kikiwapo. Mguu wangu ukaanza kukanyaga wenyewe. Kahawa alikunywa mwenzangu, kwa suruali.

Bibi alinianzishia mtindo uitwao kibanda cha magogo. Katikati unaweka mraba mdogo mwekundu, ndio meko. Kisha unauzungushia vipande virefu vyembamba, ndiyo magogo. Mraba wangu mmoja una vipande 13, na blanketi lina miraba 42. Piga hesabu mwenyewe, mimi nikizitaja 546 macho yanauma. Mshono uwe robo inchi, si zaidi, si pungufu. Ukizidisha kwa unene wa uzi tu, ukifika nje miraba haikutani. Alinifumulisha miraba saba. Mimi, niliyekulia chini ya meza ya fundi!

Rangi nazo alinikataza kuzichagulia mezani. Alinitoa nje kwenye tope, akanionyesha krokasi: zambarau imekaa kando ya manjano na hazigombani. Akasema tafuta hizo. Nilipekua nyumba nzima. Zambarau na manjano zilikuwa mahali pamoja tu, kabatini kwa mke wangu, bado zina wanga wa dukani.

Ndiyo, Shangazi. Ni ile kanga uliyomletea, ya MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Na meko yalipokosa wekundu, nikaichukua na ile ya HASIDI HANA SABABU.

Kabla hujaitisha kikao cha ukoo, nisikilize. Kanga ilizaliwaje? Si inasimuliwa kwamba bibi zetu wa pwani, karne ya 19, walinunua leso za mkononi zikiwa bado jora, wakakata sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakajifunga? Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Kanga ni mtoto wa viraka, mimi nimeirudisha kwa wazazi wake.

Tatizo ni kwamba mkasi haujui kusoma. Tulipata mgeni, mtu wa Mombasa anayeishi jimbo la jirani. Alikuja Ijumaa akae hadi Jumatatu. Tukamtandikia blanketi jipya, fahari ya nyumba. Jumamosi asubuhi nilimkuta mlangoni na begi, amevaa viatu, anasema amekumbuka ana shughuli. Nikaenda kulala pale kitandani nichunguze. Usawa wa macho, mshono umenyooka robo inchi kamili, pameandikwa: MGENI HANA SABABU. Na juu kidogo, karibu na mto: HASIDI NJOO. Mke wangu alicheka, akasema hiyo ni fidia ya kanga zake. Yule bwana hajapokea simu yangu mpaka leo.

Bibi aliponiuliza maneno hayo maana yake nini, nilimwambia ni "karibu sana". Sasa anataka na yeye ashonewe la kupeleka kanisani.

Leo blanketi nimelianika uani, maandishi yameelekea ukuta. Maua ya dafodili yamefumbua chini ya kamba. Tulipu kuchakuro wamezifukua wakala, dafodili wameziacha kwa kuwa zina sumu. Nasubiri joto nianze la pili. Kwa hiyo, Shangazi, ukipita barazani kwa baba mwambie mabaki ya chini ya cherehani asiyajazie tena mito. Kilo mbili zinanitosha. Ila tafadhali, yasiwe na maandishi.