Toleo Jipya, Printa Ileile

Anayetaka kunigombanisha na mtoto wa kaka yangu asihangaike na siasa wala Simba na Yanga. Aulize tu, kwa sauti ya upole, "Hivi hapa mnatumia Windows gani?" kisha avute kiti.

Steshonari yangu ipo Morogoro, mkabala na shule, na ndani mna kompyuta tatu ambazo hazisalimiani. Ya dirishani ni Windows XP. Ya katikati ndiyo ya intaneti: fomu za mikopo, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya kazi. Ya ukutani kijana aliipiga Ubuntu alipokuja likizo. Akasema, "Shangazi, hii ni bure na virusi haviiwezi," akapanda basi kurudi chuoni Dar, akaniachia kazi ya kuwaeleza wateja kwa nini Word haipo.

Hiyo XP ilitoka mwaka 2001, na Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Kijana anaiita marehemu. Basi marehemu huyu ndiye anayelipa kodi ya fremu. Ndiye pekee mwenye ile programu yangu ya kadi, na ndiye pekee anayeelewana na printa kubwa, ile yenye waya mnene wa pini 25. Kadi za mchango wa harusi, sendofu, kipaimara, zote zinapita kwake. Hana intaneti na hajui kama dunia imesonga mbele.

Kijana hushikilia kwamba kila toleo ni hatua mbele. Mimi nimeziona nyingine zikirudi kinyumenyume. Vista ilipoingia madukani mwaka 2007, ilikuja na madirisha ya kung'aa na njaa ya memori isiyosemekana. Watu wakanunua kompyuta mpya, kisha wakamtafuta fundi awarudishie XP. Yaani unalipia jipya, halafu unalipia tena ili uondokane nalo. Mwaka 2012 ikaja Windows 8 bila kile kitufe cha Start cha pembeni, ambacho watu wazima walikuwa wamekizoea kwa taabu na kwa ada ya kozi. Malalamiko yakazuka dunia nzima, na mwaka uliofuata, kwenye 8.1, kitufe kikarejeshwa. Halafu wakairuka 9 wakatua kwenye 10, na hiyo 9 sijasikia mteja hata mmoja akiiulizia. Katikati ya yote hayo nakubali kwamba Saba, ile ya 2009, ilikuwa kazi nzuri. Nikisema hivyo kijana hutabasamu, kwa sababu hiyo nayo ilikuwa toleo jipya siku zake.

Ugomvi wetu haswa ulipamba moto siku mashine ya katikati ilipoamua yenyewe kujisasisha. Na ilichagua siku: mwisho wa kutuma maombi ya mkopo, vijana wamejaa hadi barazani, kila mmoja na bahasha ya vyeti. Skrini ikageuka rangi moja, ikaandika kwamba kompyuta isizimwe. Utadhani hapa kwetu uamuzi wa kuzima ni wangu! Watu wote wakakodolea ile asilimia kama wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye huja kuchapa mitihani ya tuisheni, akajipa kazi ya utangazaji.

"Ishirini na tisa... thelathini. Thelathini. Bado thelathini."

"Shikamoo Mwalimu," akasema mama mmoja aliyekuwa na binti yake. "Hiyo thelathini ni kati ya ngapi?"

"Marahaba. Mia moja."

Mama akaketi chini, akavua viatu.

Umeme, kwa maajabu, haukukatika. Asilimia ikapanda, mashine ikajizima na kujiwasha, ikatukaribisha kwa maneno matamu, na vijana wakatuma fomu zao jioni jioni. Ila bando langu la wiki lilikuwa limekwenda lote, na printa ndogo, ile iliyokuwa ikichapa asubuhi bila shida, haikuonekana tena. Ipo mezani, taa inawaka, karatasi imo. Mashine inasema hakuna printa.

Nikampigia kijana.

"Shangazi, draiva ya printa hiyo haijatengenezwa kwa toleo hili. Printa ni ya zamani."

"Asubuhi haikuwa ya zamani."

"Nunua mpya tu."

Hapo ndipo ninapompinga kila siku. Sasisho ni bure, sawa, ila bure yenyewe inakula bando, inakula nusu siku ya wateja, halafu inakuagiza dukani ukanunue printa. Mwenye kompyuta moja nyumbani ya kutazamia filamu hawezi kuiona bei hiyo.

Ubuntu nayo ina visa vyake. Iliasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hadi 2011 walikuwa wakituma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba. Yangu ilifika, na ilipopitwa na wakati dereva wa bajaji aliiomba akaitundika kwenye kioo. Inang'aa hadi leo. Mfumo wenyewe ni mtulivu. Siku moja, marehemu wa dirishani akiwa na foleni, nikafungulia huko kadi ya mchango iliyoandikwa na mteja kwenye Word. Fonti aliyotumia haikuwemo, mashine ikachukua nyingine iliyo nene kidogo, maneno yakasukumana hadi chini. Ukurasa wa kwanza ukamtangaza bibi harusi na tarehe. Bwana harusi akaangukia ukurasa wa pili, pamoja na namba ya kutumia mchango. Kamati ilipoletewa nakala ya kukagua, mwenyekiti aliisoma yote, hakumuulizia bwana harusi hata kidogo. Akauliza, "Namba ya mchango mbona haipo?"

Kijana ana hoja moja ambayo siwezi kuipangua. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya watu duniani kote na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Dawa yake ilikuwa imeshatolewa Machi, miezi miwili kabla, na waliokuwa wamesasisha walipona. Kwa hiyo mashine inayoingia intaneti na isasishwe, hata kama inanuna. Kwa upande wangu namkumbusha kwamba duka hili lina mlango mwingine wa virusi: flashi za wateja. Kila flashi inayoingia inaanzia kwenye Ubuntu, ambako virusi vya Windows vinalala tu hadharani, vikionekana kwa majina yao, tunavifuta kama mchwa wa mchana. Ndiyo maana nikiulizwa ipi bora kati ya hizo tatu, nauliza kwanza unataka kuchapa, kutuma au kufungua flashi.

Sasa amekuja na Windows 11. Kumi imeachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo lazima, kasema, tupande. Akaipima mashine ya katikati. Jibu: haikidhi vigezo. Memori inatosha, nafasi inatosha, lakini inatakiwa chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa nyingi za kabla ya 2017 hazimo kwenye orodha. Mashine nzima, inawaka, inalipa, imekataliwa mlangoni. Nikamwambia aiwekee SSD badala ya ile diski ya kuzunguka. Zamani nilikuwa naibonyeza, nafagia duka, namwagilia maua, ndipo iwake. Sasa inawaka kabla sijakunja kanga. Hilo ndilo badiliko nililolipa kwa moyo mweupe.

Wiki jana kaja na kompyuta yake mpya kabisa, 11 ya moto, akitaka kuchapa ripoti ya mradi wa chuo. Ikaitafuta printa kubwa, haikuiona. Hata tundu la ule waya mnene haina.

"Shangazi, marehemu yupo huru?"

"Yupo kwenye kadi za mchango. Panga foleni. Na hiyo flashi ianzie ukutani."

Ilikuwa na virusi vinne. Nikamtoza bei ya mteja.