Ukialikwa Kutazama Ugomvi wa Watu: Mwongozo kwa Asiyejua

Umepata mwaliko. Jamaa wa kazini huko Minneapolis au Cleveland alinunua tiketi mbili za tamthilia, mkewe kashikwa na mafua, nawe umeitikia kabla hujauliza mchezo unahusu nini. Unahusu familia. Tamthilia nyingi zinazoheshimiwa Marekani ni za baba, mama, watoto waliokwisha kuwa wakubwa, na jambo moja ambalo halitajwi mpaka saa nne za usiku. Fuata maelekezo haya utarudi salama.

Uliza ni ipi

Ziko chache, na kumbi za majimboni huzirudia kila baada ya miaka kadhaa. Wasomi watakuambia sababu ni ubora wake, na hawasemi uongo. Lakini mhasibu wa ukumbi naye ana lake. *The Glass Menagerie* ya Tennessee Williams ina waigizaji wanne na nyumba moja. *Long Day's Journey into Night* ya Eugene O'Neill ina watano, sebule moja na siku moja ya Agosti 1912. Mishahara mitano na seti moja! Wafalme wa Shakespeare huja na jeshi zima, na askari nao hulipwa.

Ukiambiwa ni ya O'Neill, kula kwanza, maana inaweza kuchukua karibu saa nne nzima. Mwandishi aliichimba kutoka nyumbani kwao hasa, akaagiza isichapishwe mpaka ipite miaka 25 tangu kifo chake. Alifariki mwaka 1953. Kufika 1956 mjane wake alikwisha kuitoa. Siri za familia hazina subira.

Usiketi mbele

Baadhi ya kumbi hizi, kama Guthrie ya Minneapolis, zina jukwaa lililozungukwa na watazamaji pande tatu. Guthrie ilifunguliwa mwaka 1963 kwa *Hamlet*, na msimu huohuo ikaonyesha *Death of a Salesman* ya Arthur Miller. Ukikaa safu ya kwanza, mama wa watu atalia hatua mbili kutoka magotini pako, nawe hutajua uangalie wapi. Safu ya sita inatosha kwa mtu mwenye haya.

Anayepanda kwanza si mwigizaji

Kabla taa hazijazimwa huenda mtu akajitokeza na kushukuru. Usimpigie makofi ukidhani mchezo umeanza. Kumbi nyingi za aina hii ni mashirika yasiyo ya faida, na fedha za tiketi hazitoshi kuziendesha. Pengo huzibwa na wafadhili. Hii ni harambee, ila bahasha zilikwisha kupokelewa. Majina utayakuta kwenye kijitabu cha maonyesho, yamepangwa kwa madaraja kufuatana na kiasi kilichotolewa. Yasome. Yatakuandaa, kwa sababu usiku huu wote ni wa hesabu.

Ukipotea, tafuta bili

Watu watapiga kelele, watakumbuka mambo ya miaka 15 iliyopita, watacheka pasipo na cha kuchekesha. Usihangaike na falsafa. Tafuta nani anadaiwa nini. Kwa O'Neill, mzee Tyrone anahangaika na balbu zinazowaka bure huku mwenyewe akizidi kununua ardhi. Kwa Williams, kijana Tom kachukua hela ya bili ya umeme akalipia uanachama wa chama cha mabaharia, na taa zinakatika siku ambayo dada yake kaletewa mgeni wa kiume. Katika *A Raisin in the Sun* ya Lorraine Hansberry, ya mwaka 1959, cheki ya bima ya dola 10,000 inasubiriwa na nyumba nzima, na kila mtu mzima ana mpango wake.

Ila hesabu tamu kuliko zote iko kwa Miller, katika *Death of a Salesman*. Willy Loman, mtembeza bidhaa mwenye miaka 63, anakumbuka siku aliyorudi safari akijigamba kuwa ameuza vitu vya dola 1,200. Linda, mkewe, anashika penseli: kamisheni ni dola 212. Willy anaanza kujikunakuna. Mauzo yanashuka, yanashuka tena, mpaka yanakuwa kama dola 200 kwa safari nzima. Linda anapiga hesabu upya, anapata 70 na senti, na anamsifu. Kisha, kwa upole uleule, anaanza kusoma madeni: friji, mashine ya kufulia, paa. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa, na mtu kaisha pale pale.

Usilalamike kwamba nimekuambia mwisho. Jina la mchezo limekwisha kukitaja kifo. Nitaongeza tu kwamba malipo ya mwisho ya nyumba yanakamilika siku ya maziko.

Kuhusu wazee

Utajiuliza mbona akina Loman hawaiti mzee wa kuwasuluhisha. Yupo, anaitwa Ben, baba mkubwa wa watoto wa Willy. Tatizo ni kwamba ni marehemu na anakuja kichwani mwa Willy tu. Tatizo la pili: alikuwa akienda Alaska, jiografia ikamtupa Afrika, akaingia msituni kijana wa miaka 17 na kutoka tajiri wa miaka 21. Afrika ikitajwa, waliokaa karibu nawe watakugeukia. Usiinuke kuulizia machimbo yake ya almasi yako wapi. Mzee wa kweli ni jirani, Charley, anayempa Willy dola 50 kila wiki bila kutangaza, na huyo ndiye asiyesikilizwa.

Pazia likifungwa

Watu wakisimama kupiga makofi, simama, asiyesimama ataulizwa. Ndani ya gari mwenyeji wako atanyamaza kidogo, kisha ataanza kumzungumzia baba yake: alichouza, alichokopa, alichokufa akidaiwa. Usimpe ushauri, wala usimwambie kwenu watoto huheshimu wazazi. Msikilize hadi mlangoni kwako, umshukuru kwa tiketi, wala usimuulize ilikuwa bei gani.