Heri Injini Iliyonoki Mwezi wa Sita

Injini inayonoki Januari ina haraka tu, na inayonoki Desemba imezeeka. Zote mbili sina neno nazo. Ninayosimama hapa kuisifu ni ile inayokufa mwezi wa sita, msimu ukiwa katikati, jina lako likiwa la sita kwenye jedwali na jicho lako likiwa kwa wa tano. Hiyo ina akili. Imesubiri hadi umelipa ada ya mwaka mzima, umenunua tairi mpya, umewatangazia wenzako kazini kwamba mwaka huu ni wako. Kisha, mbele ya umma uliokuja Jamhuri Park, Nairobi, na miavuli yake na nyama choma yake, ikagonga kama kijiko kwenye kikombe kitupu, gurudumu la nyuma likagoma, na bwana mwanamichezo akajikuta kando ya njia, helmeti mkononi, akila vumbi la watu aliokuwa akiwaonea huruma wiki moja tu iliyopita.

Watu huitukana papo hapo. Hawajakaa chini wakahesabu imewatendea nini.

Tuanze na utumishi wake, maana marehemu husomewa wasifu kwanza. Injini ya motokrosi ya mipigo minne, ile ya cc 250, ikikamuliwa hufika mizunguko 13,000 kwa dakika. Katika kila mzunguko pistoni hupanda ikasimama, hushuka ikasimama tena. Piga hesabu: kila sekunde inaamriwa zaidi ya mara 430 igeuke irudi ilikotoka. Mfanyakazi wa kawaida ukimgeuza mara mbili kwa siku moja anakwenda kumwona mwakilishi wa chama. Kitabu cha mtengenezaji hupima umri wa pistoni hiyo kwa saa, si kwa kilomita, na saa zenyewe ni makumi machache tu. Sisi wa ridhaa tukifika ukurasa huo hufungua unaofuata. Karo ya muhula ndiyo hiyo, kodi ya nyumba ndiyo hiyo, na pistoni ya zamani si bado inalia vizuri? Injini inavumilia. Inavumilia Februari, inavumilia Pasaka, inavumilia oili iliyogeuka rangi ya uji wa wimbi. Ikiomba likizo mwezi wa sita, wa kulaumiwa ni nani?

Halafu inafundisha, na haifundishi kwa kubembeleza. Nairobi imeinuka takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi: shinikizo lake ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo pikipiki ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli, fundi wa Nairobi huiwekea jeti ndogo kwenye kabureta, petroli isije ikazidi hewa. Sasa ipakie kwenye pikapu uende nayo Uganda, kwenye uwanja wa Garuga ulio jirani na Ziwa Victoria, chini ya Nairobi kwa zaidi ya mita 500, na jeti usiiguse. Hewa imekuwa nzito, petroli ni ile ile ya nyumbani, na oili ya kulainisha inakuja na petroli hiyo hiyo. Joto linapanda. Pistoni ya alumini inatanuka upesi kuliko silinda inayoizunguka, inakwaruza ukuta, ringi zinanasa, kimya. Nimewasikia watu waliotoroka vipindi vya fizikia shule nzima wakieleza shinikizo la anga kwa ufasaha wa profesa, wakiwa wamekaa juu ya kreti ya soda huku wameshika pistoni iliyochubuka upande mmoja. Hakuna wizara ya elimu iliyowahi kupata matokeo hayo kwa ada hiyo. Ingawa, nikikumbuka bei ya pistoni, labda ningenyamaza kuhusu ada.

Udugu nao huletwa na injini hii. Nenda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road ukaulize pistoni ya pikipiki ya Boxer: utakuwa nayo mkononi kabla hujamaliza kutamka. Taja ya pikipiki yako ya mashindano, na muuzaji atakutazama kama aliyeambiwa kuna mgonjwa nyumbani. Basi utamkumbuka shemeji yako aliyeko Dubai, ambaye tangu arusi hujampigia. Utamuuliza habari za watoto, habari za joto la huko, habari za kazi, na mwishoni kabisa, kana kwamba imekujia sasa hivi, utamwomba akija Krismasi atie gasketi na seti ya ringi kwenye sanduku. Ndoa nyingi zimeunganisha koo mbili na zisiwahi kuzikutanisha hivyo. Kijana wa bodaboda naye, ambaye jana ulimpigia honi akupishe, ndiye anayeifunga kamba mashine yako hadi barabarani. Njiani anageuka na kuuliza kwa heshima zote, "Pole sana, mkubwa. Kwani hii haiwekwangi oili?" Pikipiki yake imebeba abiria watatu na gunia la viazi tangu asubuhi. Hujibu kitu.

Msema ukweli pekee utakayemkuta siku hiyo ni fundi. Anafungua silinda, anapitisha kidole, anafuta kidole kwenye suruali.

"Boss, hii imeenda."

"Imeenda kabisa, fundi?"

"Konrodi pia. Na beringi ya kranki. Kesi unaweza kuifanya ya kuwekea maua."

Katika mazungumzo hayo mafupi mtu hujifunza bei ya kila kitu anachokipenda.

Ila fadhila kubwa kuliko zote bado sijaitaja. Injini nzima ina tabia mbaya ya kukufikisha mwisho. Ukifika mwisho, saa inasomwa, jedwali linabandikwa, na wewe ni wa tisa, umeandikwa kwa wino, mkeo ameona. Injini iliyonoki haina fitina hiyo. Mtu aliyekuwa wa sita ilipomfia mwezi wa sita, kufika mwezi wa nane alikuwa wa nne na anawakaribia walio mbele. Kufika mwezi wa kumi alikuwa wa pili. Desemba, chupa zikiwa mezani, alikuwa anaongoza kwa mbali, na walio pale hawambishii, kwa kuwa kila mmoja ana injini yake anayoipanga kuisimulia zamu yake ikifika. Ubingwa wa aina hiyo haunyang'anyiki. Hauna hata wa kuupinga kwa rufaa.

Wakubwa walizijua fadhila za injini iliyokufa. Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, alinunua Indian Scout mwaka 1920, pikipiki ambayo ikitoka kiwandani haikufika kilomita 90 kwa saa, akaishughulikia maisha yake yote yaliyobaki. Pistoni alizisubu mwenyewe, konrodi alizichonga kutoka ekseli ya trekta. Zilivunjika, akatengeneza nyingine, nazo zikavunjika. Mabaki hakuyatupa. Aliyapanga kwenye rafu ya banda lake na kuandika juu yake kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa kasi. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliipeleka mashine hiyo kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akavuka kilomita 295 kwa saa na kuweka rekodi ya daraja lake. Rafu ile ndiyo ilikuwa chuo chake, na kila chuma kilichovunjika kilikuwa mhadhiri.

Yuko pia Ernst Degner, ingawa yeye alilipwa kwa kuendesha. Septemba 1961, wiki chache tu baada ya ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, alikuwa anaongoza ubingwa wa dunia wa cc 125 kwa pikipiki ya MZ ya Ujerumani Mashariki. Injini ikamfia Kristianstad, Sweden. Hakurudi tena Ujerumani Mashariki: mkewe na watoto walikuwa wametoroshwa kwenda Magharibi ndani ya buti ya gari, naye akawafuata. Ubingwa wa mwaka huo aliukosa. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa cc 50, safari hii akiwa na Suzuki, na maarifa ya mipigo miwili ya MZ yalikuwa yamehamia Japani naye. Sidai kwamba injini ile ilikuwa na siasa. Nasema tu kwamba ilichagua vizuri upande wa mpaka wa kufia.

Na sisi wengine, tusio na mpaka wa kuvuka, inatupa bendera. Jambo hili waandaaji hawalisemi hadharani, lakini mashindano ya ridhaa yanaendeshwa na maiti za injini. Nani mwenye akili timamu atasimama juani Jumapili nzima kwenye kona, akipunga bendera ya njano kila mtu akianguka, kwa malipo ya chapati mbili na soda? Ni yule aliyelipa ada na hana cha kuendesha. Laiti injini zote zingefika Novemba salama, tungekuwa na wapanda pikipiki arobaini na mshika bendera mmoja. Tena pale kwenye kona ndipo mtu anapoona kitu ambacho hakukiona miaka yote akiwa ndani ya vumbi: wale wa mbele huingia kona polepole kuliko yeye, na hutoka kwa kasi kuliko yeye. Injini haikuhusika kamwe. Hilo hulimeza na soda, na Desemba hamwambii mtu.

Yuko jamaa mmoja katika daraja letu ambaye yake haijawahi kunoki. Humwaga oili kila baada ya mashindano, huosha filta ya hewa usiku huo huo, na ana daftari la saa za pistoni ambalo hulifuata kama msahafu. Anashinda, na anashinda mara nyingi. Tunampongeza, tunampa mkono, na baada ya hapo hatujui tuzungumze naye nini. Hupokea kikombe, hupakia, hutuaga kwa adabu na kuwahi nyumbani kabla ya foleni ya Ngong Road, akituacha tumezunguka silinda iliyofunuliwa, vidole vimejaa grisi, tukibishana kama kilichoanza kwenda ni ringi au ni beringi.