Huruma ya Tajiri

Hapa mtaani Tudor hatukosi matajiri wenye huruma. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya, iliporithi mikoba ya NHIF, tajiri wa aina hii humkata kila mfanyakazi asilimia 2.75 ya mshahara, bila kusahau hata mwezi mmoja. Yeye sheria haimdai mchango wa senti. Kazi yake ni kufikisha tu, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Huko kufikisha ndiko kunakomshinda! Mtu akilazwa Hospitali Kuu ya Pwani, michango haionekani. Tajiri naye hutuma salamu za pole, tena kwa ukarimu, maana salamu hazikatwi asilimia. Wafanyakazi wenzangu, stakabadhi ya mshahara huonyesha kilichokatwa, si kilichofika. Bonyezeni *147# mkague michango yenu mngali wazima.