Uhakiki wa Shairi kwa Njia ya Mkate

Mkate mweupe wa dukani haukuokwa ili uchovywe mtoni, na ukweli huu, ambao vitabu vya uhakiki wa ushairi vimeunyamazia, ndio uliomwaibisha juzi, mbele ya kina mama waliokuwa wakifua, mhakiki mmoja wa Morogoro ambaye hatatajwa jina kwa kuwa heshima iliyombakia haitoshi kuhatarishwa tena. Shairi lililomfikisha hapo ni "The Vagabond" la Robert Louis Stevenson, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1850, lililomo katika diwani yake ya nyimbo za safari iliyotoka mwaka 1896, yaani baada ya kifo chake. Nafsineni, yaani yule anayezungumza ndani ya shairi na ambaye si lazima awe mtunzi mwenyewe, anaomba maisha ya kutembea tu: mbingu juu, njia chini, malazi kichakani na mkate wa kuchovya mtoni; ama mali, matumaini, mapenzi na rafiki, anasema havitaki. Beti ni nne zenye mishororo minane kila mmoja, mizani kwa kiasi kikubwa zikipishana kati ya saba na sita, na ubeti wa mwisho ni ule wa pili uliorudiwa karibu wote, jambo ambalo msikilizaji aliyezoea kiitikio hulipokea bila kushangaa.

Mhakiki huyo alikuwa mfuasi wa uhakiki wa vitendo, yaani imani kwamba taswira ya shairi haieleweki mpaka msomaji ameifanya kwa mikono yake, na imani hiyo haina madhara pale shairi linapohusu machweo. Alishuka mtoni na mkate wa slesi, akachutama kwa utulivu uliostahili fasihi ya dunia, akachovya huku akilighani shairi. Slesi ya kwanza ilimtoka vidoleni kabla hajaweka mkazo katika kina cha mwisho. Ya pili ilifika nusu ya njia kuelekea kinywani, kisha ikabadili nia. Na alipoamua kutumia mikono miwili watoto walikuwa wamekwisha kusanyika, mmoja wao akiwaeleza wenzake kwamba mzee analisha kambale. Mama mtu mzima aliyekuwa akisuuza mashuka alivumilia kwa muda, kisha akamwambia kwa upole, "Baba, kama ni chai si ungesema? Chai ipo." Uhakiki mkali zaidi ya huo haujawahi kutolewa dhidi ya Stevenson.

Inafaa kueleza kilichotokea, kwa sababu mkate ni kitu cha ajabu kuliko wanavyodhani wanaoula. Unga wa ngano una protini ambazo, zikipata maji na kukandwa, huungana kuwa utando unaonyumbulika uitwao gluteni; hamira inapokula sukari na kutoa hewa ya ukaa, utando huo huikamata hewa, donge likaumuka, na joto la tanuri likaja kuugandisha utando pamoja na wanga uliomo, hata kinachobaki ni vyumba vidogo visivyohesabika vyenye kuta nyembamba. Maji yakivifikia vyumba hivyo hayasubiri kukaribishwa, bali huvutwa ndani kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi, na kuta hulegea. Katika kikombe chai imetulia, na mnywaji mzoefu huutoa mkate kabla haujazidiwa. Mtoni maji yanakwenda, na mkondo huzikwangua kuta zilizolegea tabaka kwa tabaka. Mkate wa kiwandani, uliotiwa mafuta na sukari ili ubaki laini kwa siku kadhaa, na ambao ukikatwa slesi huwa umeshanyimwa ganda katika pande zake mbili pana, hauna cha kujitetea nacho. Mkate uliokaa ni mwingine kabisa: wanga wake hujipanga upya na kukaza, ganda lake huwa gumu, na mlaji huuchovya kwa sababu meno yameshindwa. Kwa maneno mengine, mkate wa Stevenson uliingia mtoni kwa shida ya kinywa, na washairi wakaja kuiita shida hiyo uhuru.

Kinachoudhi ni kwamba ushahidi ulikuwepo siku zote katika maandishi ya mtunzi mwenyewe. Mwaka 1878 Stevenson alisafiri kwa miguu katika milima ya Cévennes, kusini mwa Ufaransa, akiwa na punda jike aitwaye Modestine aliyemnunua kwa faranga 65 na glasi ya brandi, na kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka uliofuata. Humo anakiri mizigo yake: mfuko mkubwa wa kulalia uliotiwa manyoya ya kondoo, bastola, chokoleti, soseji za makopo, paja la kondoo, chupa ya mvinyo na, hapa msomaji na asome taratibu, kipigio cha mayai. Mkate ulikuwa wa aina mbili, mweupe wa mwenyewe na mweusi wa punda. Mzigo ulipomshinda mnyama, msafiri aliutupa mkate wake mweupe, akatupa paja la kondoo, akakitupa kipigio cha mayai kwa huzuni ya dhati, lakini mkate mweusi wa punda akaubakiza. Hivyo basi tangu mwaka 1879 ilijulikana hadharani kwamba mkate mweupe haufai kwa maisha ya kuzurura, na mhakiki wa Morogoro angeweza kuokoa slesi zake kwa kusoma tu. Mtunzi mwenyewe alikufa mwaka 1894 huko Vailima, kisiwani Upolu, Samoa, katika nyumba kubwa aliyokuwa ameijenga na kuiwekea meko ya kuotea moto, katika nchi ambayo watu wake hutafuta upepo.

Malazi ya kichakani nayo yalijaribiwa, na siafu wakaamua vinginevyo.

Kuhusu kichocho, maradhi ya vijidudu vinavyokua ndani ya konokono wa maji baridi kisha kupenya ngozi ya binadamu aliyesimama majini, shairi halisemi lolote.

Lakini liko jambo ambalo shairi hili linalinyamazia na ambalo halichekeshi. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1824 iliyomfanya mtu anayelala nje bila njia ya kujikimu kuwa mkosaji, na Uskoti ikapata yake mwaka 1865 iliyokataza kupiga kambi na kuwasha moto katika ardhi ya mtu bila ruhusa. Sheria za namna hiyo zilifika Afrika Mashariki pamoja na vitabu vya mashairi: Kenya ilikuwa na kanuni za uzururaji tangu 1898, na sheria ya mwaka 1915 ilileta kipande, cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, kwa kawaida ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mtoto wa shule aliyetakiwa kuusifu moyo wa mtu asiyetaka chochote ila njia alikuwa na baba ambaye, akionekana njiani bila kikopo hicho, alipelekwa ndani. Uhuru haukulifuta jambo hilo mara moja: Tanzania iliwakamata wasio na kazi mjini na kuwapeleka vijijini kwa sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, Kenya ilifuta sheria yake ya uzururaji mwaka 1997, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, yenye makao yake Arusha, ndiyo iliyotoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za aina hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kwa mujibu wa sheria hizo, nafsineni wa Stevenson, asiye na kazi, asiye na rafiki wa kumdhamini, na mwenye mkate uliolowa mkononi, angelala rumande.

Waswahili wana mtembezi wao wa porini, Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo naye ana mkate: wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, ambao mama yake alificha tupa ndani yake akijua kwamba walinzi wa gereza, waliozoea kumnyang'anya mfungwa vyakula vizuri, wangeudharau na kuuachia upite. Alikata minyororo kwa tupa hiyo, akaingia msituni. Huo ni mkate wenye kazi.

Walimu na watunga mitihani wanaombwa, shairi la Stevenson likipangwa tena, waliweke kando ya utendi wa Kijumwa na kifungu cha 177 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kinachohusu wazururaji, kisha waulize ni nani hasa aliyeruhusiwa kuzurura. Na swali likigusa mkate, lieleze waziwazi ni mkate gani.